Mfumo Mpya wa Kompyuta: Hati Yako Iko Wapi?

(Muziki wa kipindi. Shusha sauti.)

 

Leo tunazungumzia folda na faili. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, na njia moja ni kuziwekea mfumo wa bure kama Ubuntu. Jina hilo mnalijua: kwa Kinyarwanda na Kirundi lina maana ya ukarimu.

Sasa mtu anawasha kompyuta, haoni diski C wala picha ya diploma yake. Anaanza kuwaza kuvuka mpaka pale Bugarama, arudi Kamanyola kutafuta nyingine. Ndugu msikilizaji, usihatarishe maisha kwa karatasi ambayo huenda bado imo ndani ya mashine. Itafute kwanza.

Moja: Ubuntu haizipi diski herufi. Kila kitu ni mti wenye shina moja: folda ni matawi, faili ni majani. Tawi lako lina alama ya nyumba. Lifungue, kisha ingia Documents.

Mbili: kama mfumo wa zamani haukufutwa, diski yake bado ipo. Itafute katika orodha iliyo kushoto mwa dirisha la mafaili. Ifungue, ingia Users, kisha jina ulilolitumia, kisha Documents. Hata kama kompyuta ilikuwa ya Kifaransa, hapo utaona neno Users.

Tatu: bonyeza alama ya kioo cha kukuzia, andika sehemu ya jina la faili. Kumbuka, kwa Ubuntu "Diploma" na "diploma" yanaweza kuwa mafaili mawili tofauti. Fungua yote mawili kabla ya kufuta lolote.

Nne: ukiambiwa diski yote ilifutwa, acha kuitumia mashine hiyo na umwone msimamizi upesi. Kila kinachoandikwa upya kinaweza kufunika mabaki ya hati zako, na fundi asiweze tena kuzirudisha.

Na ninyi ambao kompyuta zenu hazijabadilishwa, msingoje. Nakili hati kwenye flashi, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Lipe kila faili jina linaloeleweka: jina lako, aina ya hati, mwaka. Ukimaliza, funga akaunti yako, maana chumba hicho ni cha watu wengi na hati hizo ni zako peke yako.

Mwambie na jirani asiye na redio. Kwaherini, tukutane kipindi kijacho.

(Muziki upande, kisha uishe.)