Safari ya Krapf na Kivoi: Watoto na Waitafute Wenyewe

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na wazazi, Machakos)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuwafundisha watoto habari za safari za kale. Nimechagua safari moja iliyopita katika nchi hii ya Ukambani, yaani ile ya Dk. Johann Ludwig Krapf na mzee Kivoi wa Kitui.

Mwulize mtoto wa shule, "Mzungu gani aliuona Mlima Kenya kwanza?" Atajibu upesi: "Ni Krapf, tarehe 3 Desemba 1849." Jibu hilo ni sahihi, na katika mtihani litampatia maki. Lakini mwulize tena: "Krapf alijuaje kwamba uko mlima wa kutazamwa?" Hapo mtoto hunyamaza. Nimekuja kuwaombea watoto wetu nafasi ya kulijibu swali hilo la pili, na kulijibu kwa kutafuta wenyewe.

Krapf alikuwa Mjerumani, mmishenari wa Church Missionary Society. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 akaweka kituo Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Wakati huo misafara ya Wakamba ilikuwa imekwisha zoea kuleta pembe za ndovu pwani na kurudi bara na nguo, shanga na waya za shaba. Basi Krapf alipoondoka Rabai mwanzoni mwa Novemba 1849, aliifuata njia iliyokwisha pigwa na nyayo za wafanya biashara. Alipita Teita, akavuka mito ya Tsavo na Athi, akapanda Yatta, na tarehe 26 mwezi huo akafika kwa Kivoi, aliyekuwa mkuu wa misafara. Kivoi alimwambia ya kwamba, mbali na mlima mweupe wa Uchaga, uko mwingine wa namna ile ile, nao ndio ule Wakamba wauitao Kiinyaa. Majira yalikuwa ya mvua, na mawingu yaliuficha. Hata siku ile ya Desemba mawingu yakafunguka, Krapf akaona vilele viwili vilivyosimama kama pembe.

Sasa, mwalimu aifundisheje habari hii? Nashauri kazi tatu, ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Kazi ya kwanza ni ramani. Krapf aliandika kitabu cha safari zake, kilichopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Humo Athi huitwa "Adi", na Tana huitwa "Dana". Mimi ni mfasiri, nami najua kwamba jina huvaa nguo ya sikio la yule alisikiaye. Watoto wapewe majina hayo ya kale, wayatafute katika ramani ya leo, wahesabu siku za mwendo, na kwa kila kambi waulize: Msafara ulipata wapi maji? Hapo watafahamu kwa nini njia ilipinda hapa na kunyoka pale, na kwa nini mgeni hakuweza kwenda hata siku moja pasipo mwenyeji.

Kazi ya pili ni ya macho. Watoto wapande Milima ya Iveti alfajiri, kwa muda wa mwezi mzima, waangalie upande wa kaskazini. Waandike katika daftari siku ambazo Mlima Kenya ulionekana, na siku ambazo mawingu yaliuficha. Kisha mwalimu awaeleze ya kwamba huko London bwana mmoja mwanachuoni, Desborough Cooley, ambaye hakukanyaga nchi hizi, alikataa kabisa kwamba iko theluji katika milima iliyo karibu na ikweta. Alikuwa na vitabu vingi, lakini alikosea. Mtoto aliyeutazama mlima kwa siku thelathini ataelewa ubishi ule kuliko yule aliyeusoma tu.

Kazi ya tatu ni ya masikio, nayo ndiyo ngumu. Mwezi wa Julai 1851 Krapf alirudi Ukambani, akitaka kuweka kituo Yatta. Jambo hilo halikufaulu, akaenda kwa Kivoi, nao wakafuatana kuelekea mto Tana. Karibu na mto wanyang'anyi waliwashambulia, na Kivoi akauawa. Krapf asema kwamba alipiga bunduki hewani, akakimbilia porini peke yake. Alifika mtoni, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alitia maji katika ala ya ngozi ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu: Mbona mwenzako amekufa, nawe u hai? Akaogopa kuuawa, akatoroka usiku hata akafika Rabai.

Darasa na likae kama baraza. Kundi moja liseme kwa niaba ya jamaa za Kivoi, na kundi la pili kwa niaba ya Krapf. Lakini kabla ya kusema, kila mtoto aende kwa wazee wa kwao aulize: Mtu akifuatana na mwenziwe safarini, desturi ilimwagiza nini wakati wa hatari? Mwishoni kila mmoja aandike mambo matatu: lililojulikana, lilisemwa na nani, na lisilojulikana. Atagundua neno moja kubwa: habari iliyoandikwa siku zile yatoka kwa mshtakiwa mwenyewe. Kivoi hakuandika kitabu. Hiyo si sababu ya kumwita Krapf mwongo, ila ni sababu ya kusoma kwa uangalifu.

Wako wazazi watakaosema, "Sikulipa karo ili mtoto aje kumwuliza babu yake." Mzazi mwenzangu, mtihani hupita kwa siku moja, lakini kupima ushahidi ni kazi ya maisha yote: shambani, sokoni, na mahakamani. Nao wazee hawakai milele. Walichopokea kwa mababu kisipoandikwa, kitazikwa pamoja nao.

Tena nawaonya walimu. Tusiondoe sifa za Krapf tukaweka za Kivoi mahali pake bila kuchunguza. Kivoi alikuwa mfanya biashara hodari na mwenyeji mkarimu, lakini alikuwa na watumwa pia. Mtoto na aambiwe yote mawili. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama uwongo wenyewe ni wa kutusifu sisi.

Basi walimu, anzeni na darasa moja. Nanyi wazee, mtoto akija na daftari lake, mkaribisheni, mpeni kigoda, mwambieni mlichosikia. Na msilolijua, mwambieni hamlijui. Jibu hilo nalo aliandike.