Mvua na Amri katika Milima ya Usambara
(Hotuba ya mwanachama mwenye duka, mbele ya mkutano wa tawi)



Pepo zitokazo baharini zikiufikia mlima wa Usambara hupanda, hupoa, zikamwaga mvua. Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Pande za Lushoto zinazoielekea nyika hupata haba. Msambaa aliyajua haya zamani: akalima mlimani na bondeni, palipokauka huku avune kule, akapanda migomba, majani yake yaukinge udongo na matone makali.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko. Hofu yake ilikuwa ya haki, kwani udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Lakini watu waliamrishwa kuchimba matuta katika miteremko mikali, na akaidiye atozwe faini. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Wananchi walikataa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Tangu 1981 kazi hiyo imerudi Lushoto kwa njia nyingine: majani ya malisho hupandwa kwa mistari kukata mteremko. Huzuia udongo, na ng'ombe hula. Mkulima aonapo faida hahitaji askari.

Ndugu zangu, nasi visiwani twaingoja masika hiyo hiyo. Atakaye kutuongoza katika kilimo na aanze kwa kumwuliza mwenye jembe.