Punje sikioni na mafua ya vumbi

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]

Kiangazi kimeingia, vumbi limepanda, chafya kila mtaa. Leo tunajibu swali ambalo wengi mmelileta: je, ni kweli kuminya sikio kunaondoa mafua ya vumbi?

Mafua haya huitwa mafua ya mzio. Hayaambukizi. Mwili unakutana na vumbi au chavua ya majani, unadhani ni adui, unatoa kemikali iitwayo histamini. Ndiyo hiyo inafanya pua ichuruzike na macho yawashe.

Sasa sikio. Daktari mmoja Mfaransa, Paul Nogier wa Lyon, alichora ramani ya sikio katika miaka ya 1950. Aliliona kama mtoto tumboni, kichwa chini, kila kiungo na sehemu yake. Wanaotibu hivyo hubandika punje ndogo juu ya ngozi ya sikio kwa plasta, nawe unaiminya mara kadhaa kwa siku. Wapo wanaosema wamepata nafuu, lakini ushahidi bado ni mdogo. Mimi nasema: kuminya kwa kidole ni bure, ukitaka jaribu. Ukiombwa pesa ya chakula cha watoto kwa ajili ya punje, kataa.

Na hapa, mama, sogea karibu na redio. Punje inakaa NJE. Haiingii tunduni, hata kidogo! Harage au mhindi ukiingia ndani ya sikio la mtoto, ukilowa unavimba. Usimwage maji, usichokoe kwa njiti. Mpeleke zahanati.

[Muziki mfupi]

Mwenye pumu asiache pampu yake kwa sababu ya sikio. Mtoto akipumua kwa mluzi, mbavu zikiingia ndani, usingoje asubuhi.

Nyumbani, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na anayefagia afunge kitambaa puani. Anika blanketi juani, zikung'ute mbali na mlango. Nawa uso ukitoka barabarani. Zahanati wakikupa kidonge cha mzio, uliza kwanza kama kinaleta usingizi, hasa wewe unayeendesha bodaboda.

Maswali yenu tumbukizeni kwenye sanduku mlangoni petu. Wiki ijayo tunasoma.

[Muziki unapanda]