Kuwarudia Wenzetu wa Kazi Baada ya Kuvunjika Moyo

(Hotuba iliyotolewa Mikumi mbele ya wazee na vijana wa Mikumi na Kilosa)



Ndugu zangu wapenzi, nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni hili: mtu aliyevunjika moyo kazini, akaondoka au akaondolewa, awarudieje wale aliokuwa akifanya nao kazi? Aliyeniomba anajua kwa nini aliniomba mimi asimwombe mwingine, na baadhi yenu mlioketi hapo mbele mnajua pia. Kwa hiyo sitajificha.

Lakini kabla sijafika kwangu, tuitazame kwanza wilaya yetu, maana wilaya hii ni shule kubwa ya watu waliopoteza kazi. Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909 wakati wa Wajerumani, ikaendelea hadi ikafika Kigoma mwaka 1914. Baadaye Kilosa ikawa njia panda, pale lilipojengwa tawi la kuja huku kwetu Mikumi na kuendelea hadi Kidatu. Watu wa makabila mengi wakaletwa na reli hiyo, Wanyamwezi, Waha, Wagogo na wengineo, wakaishi pamoja na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wenyeji, wakaoana na kuzikana. Mtoto aliyekulia Kilosa hakuhitaji saa. Filimbi ya treni ilimwambia wakati.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mtu alikuwa mtumishi wa shirika moja lililofika Nairobi, Mombasa na Kampala, mara akaambiwa shirika hilo halipo tena. Waliokuwa wakifanya kazi Kenya walirudi nyumbani, na walioachana na wenzao hawakujua kama wataonana tena. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, lakini wastaafu wa hapa Tanzania waliendelea kudai haki zao miaka mingi baada ya hapo, na ilikuwa mwaka 2005 ndipo serikali ilipoanza kuwalipa kwa makubaliano yaliyofikiwa. Hesabuni wenyewe: ni miaka 28. Wengi walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Na si reli peke yake. Kimamba na Rudewa palikuwa na mashamba makubwa ya katani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka; nyuzi za viwandani zilipoingia katika soko la dunia, na mashamba yakakosa matunzo, mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na karibu tani 20,000 tu. Kisha mwaka 2007 reli ikakabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, yakafuata malalamiko ya mishahara na migomo, na kufikia mwaka 2011 serikali ilikuwa imeirudisha mikononi mwake.

Sasa sikilizeni jambo nililoliona kwa macho yangu. Wale wazee wa Jumuiya hawakupotezana. Waliandikiana barua, walichangishana nauli ya kwenda Dar es Salaam kufuatilia madai, walishuhudiana kuwa fulani kweli alikuwa fundi na fulani kweli alikuwa mpiga simu wa stesheni. Mmoja alipofariki, wenzake walimpeleka mjane wake mpaka kwenye ofisi. Na wale wa katani hali kadhalika. Nikajiuliza, kwa nini hawa waliopoteza kila kitu walibaki pamoja, na mimi niliyepoteza cheo kimoja tu niliwakimbia wenzangu wote?

Jibu lake ni kwamba wao walianguka pamoja. Wazee wetu walisema kifo cha wengi harusi. Kazi ikifa kwa wote, hakuna wa kumwonea haya mwenzake. Lakini anayenyimwa cheo hunyimwa peke yake, na mara nyingi anayekipata ni yule aliyekuwa akila naye sahani moja. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Mimi nilikuwa karani wa bohari huko Kilosa, kwa mwajiri ambaye sitamtaja, kwa sababu hayupo hapa kujitetea na kwa sababu leo simshitaki. Nilikaa katika bohari hiyo miaka 14. Mkuu wetu alipostaafu, kila mtu alijua kwamba nafasi ile ni yangu. Wenzangu walikwisha kuanza kunitania kwa kuniita "bosi". Mke wangu alikwisha kununua kitambaa cha suti. Barua ilipokuja, ilikuwa na jina la kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuandika leja, asiyejua hata tofauti ya kupokea mzigo na kuukagua. Hiyo ilikuwa mwaka 2003.

Nilimpa mkono. Naapa nilimpa mkono. Lakini moyo haukutoa chochote. Miezi michache baadaye niliacha kazi, nikahamia hapa Mikumi, nikafungua kibanda cha vipuri kando ya barabara kuu. Nikajiambia nimeifuata biashara. Kwa hakika nilikuwa nimekimbia nyuso za watu.

Ndugu zangu, kutoka hapa hadi Kilosa mnajua si mbali. Basi hupita Ulaya, na sisi hutaniana kwamba mtu wa Mikumi huenda Ulaya bila pasi ya kusafiria. Ni safari ya asubuhi moja. Nami sikuifanya kwa miaka 11. Nikimwona mtu wa Kilosa ameshuka katika basi hapa stendi, niliinama chini ya meza kana kwamba natafuta boliti. Nilibadilisha namba ya simu, sikumpa mtu. Nilikuwa nasubiri. Mnajua nilisubiri nini? Nilisubiri niwe na duka la matofali, na gari, ndipo nirudi Kilosa niwaonyeshe. Duka halikuja. Na laiti lingekuja, ningerudi kwao kwa kiburi, na hilo lingekuwa baya kuliko kutorudi.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Wengi wenu mnakumbuka. Maji yaliingia mjini Kilosa, reli ikasombwa, treni za Reli ya Kati zikasimama kwa miezi, na maelfu ya watu wakalala katika kambi za mahema. Wenzangu wa bohari walikuwa humo. Nilisikia redioni nikiwa hapa hapa, nyuma ya meza yangu. Watu wa Mikumi walikusanya nguo na unga wakapeleka. Mimi nilitoa nguo, nikampa mtu mwingine azipeleke, nikamwambia asitaje jina langu. Mtu angeweza kudhani ni ile sadaka ya siri ambayo mkono wa kushoto haujui. Haikuwa hivyo. Niliona haya wasije wakasema, "Kumbe huyu bado yupo kwenye kibanda."

Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kupita kile cheo. Cheo nilinyimwa na watu. Hili nililitenda mwenyewe.

Kilichonirudisha ni msiba. Mwaka 2015 alikuja dereva mmoja wa lori kununua mkanda wa feni, tukazungumza, akamtaja mtu wa Kilosa kwa kusema "marehemu". Alikuwa jirani yangu wa bohari, tuliyekaa meza mbili zilizogusana kwa miaka 14, ambaye ndiye aliyenisomea barua ya kifo cha baba yangu kwa kuwa macho yangu yalijaa. Alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma. Nilifunga kibanda siku ile ile.

Nilipofika nyumbani kwa mjane, aliniambia maneno machache tu. Alisema, "Shemeji, walikutafuta ili uwe miongoni mwa waoshaji. Hakuna aliyekuwa na namba yako." Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika.

Jioni ile nikapelekwa kwa wengine waliobaki. Mmoja wao ni Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Aliponiona mlangoni hakusalimu. Akapiga kelele: "Njooni muone! Maiti imerudi, rudisheni rambirambi za watu!" Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikalia. Ndugu zangu vijana, msiudharau utani. Zipo aibu ambazo hotuba haiwezi kuziondoa, na mtani huziondoa kwa sentensi moja.

Na yule kijana aliyepewa cheo changu? Alikuja mwenyewe usiku, na sasa hakuwa kijana tena. Tulikaa barazani muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, "Kaka, siku ile nilisubiri uje unifundishe kazi ya ukuu. Nilikuwa siijui. Ulipoondoka nikasema moyoni, amenichukia." Nikamwambia, "Na mimi nilisubiri uje kunipa pole." Kila mmoja alikuwa amekaa mlangoni kwake kwa miaka 11 akimsubiri mwenzake. Aliniambia pia kwamba hakukiomba cheo kile. Sijui kama ni kweli, na nimeamua kutouliza.

Mtasema huyu mzee ametuletea habari zake tu. Basi tutazame waliotutangulia. Sote twajua Khalid bin Walid (r.a.) alikuwa jemadari wa namna gani. Alipokuwa katika vita vya Sham, Hadhrat Umar (r.a.) alishika ukhalifa, ikaja barua ya kumvua Khalid uongozi na kumpa Abu Ubaida (r.a.). Wanahistoria wanasimulia kuwa Abu Ubaida aliificha barua ile kwa muda, asije akamvunja mwenzake katikati ya mapigano. Tutulie hapo kidogo, kwa maana sisi humtaja Khalid na kumsahau Abu Ubaida. Yeye ndiye aliyepandishwa, na jambo la kwanza alilolifikiri ni uso wa aliyeshushwa. Na Khalid hakurudi nyumbani kufungua kibanda. Alibaki katika jeshi lile lile, chini ya mtu aliyekuwa chini yake, na aliposhuka uwanjani Yarmuk mwaka 636 alikuwa askari wa Abu Ubaida. Baadaye alivuliwa hata hicho kidogo kilichobaki, akafariki dunia mwaka 642 bila ya kurudishiwa cheo. Hakuna mtu anayemkumbuka leo kwa barua ile.

Na katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) yupo yule mwenzake wa gerezani aliyetoka akiwa ameombwa amtaje kwa bwana wake, akasahau kwa miaka. Aliporudi, alirudi kwa sababu alikuwa na shida ya tafsiri ya ndoto. Yusuf alimjibu. Hakumwuliza kwanza, "Ulikuwa wapi?" Swali hilo la "ulikuwa wapi" ndilo linalowafanya wengi wasirudi. Basi enyi mliobaki kazini, mwenzenu akibisha hodi, msimpokee nalo. Na nyinyi mnaokusudia kurudi, msiende siku ya kwanza na ombi la kazi au la mkopo. Nendeni kusalimu. Nendeni kwenye msiba, kwenye harusi, kwa mgonjwa. Hapo hakuna anayeuliza kwa nini umekuja. Na msiianze upya ile kesi. Wanaijua, walikuwepo.

Kuna kijana mmoja katika mkutano huu, sitamtazama, ambaye mwaka huu amepunguzwa kazi huko Kidatu na ameacha kupokea simu za wenzake. Tukimaliza hapa nataka tukae naye tunywe chai.

La mwisho ni tangazo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa, na vijana husema wazee wa reli ya zamani wamekwisha. Hawajakwisha. Kila Jumapili, baada ya sala ya alasiri, wachache hukaa barazani kwa yule mtani wangu, wa reli, wa katani, na sisi wa bohari, mayatima wa kazi mbalimbali. Jumapili ijayo naondoka na basi la kwanza. Mwenye salamu za mtu wa Kilosa aniandikie jina lake katika karatasi, kwa maana kumbukumbu yangu si ya karani tena. Na mwenye nafasi aje mwenyewe, nauli tutachangiana.

Wassalaam alaikum warahmatullah.