Kizazi Kikitoboka

Ndugu zetu, leo tuzungumze juu ya mama aliyeharibikiwa mimba akasafishwa kizazi hospitalini. Mara chache chombo hutoboa kizazi. Sisi wauguzi hatufichi jambo hilo. Kazi husimamishwa. Mama hulazwa, tunampima mapigo ya moyo na presha, tunaangalia damu na tumbo. Tundu dogo mara nyingi hupona lenyewe. Damu ikizidi, au utumbo ukiwa umeumia, daktari hupasua na kushona.

Je, akisharudi nyumbani? Tumbo likiuma sana au kuvimba, homa ikipanda, akitapika, damu ikitoka nyingi, msingoje kesho. Baba, usiseme, "Atapoa tu." Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Tena semeni wazi: "Alisafishwa kizazi." Hapo daktari atajua pa kuanzia.