Mashindano Yaanzie kwenye Karatasi

(Muziki wa kufungulia. Unashuka. Mtangazaji anaingia.)

Leo sina mgeni studioni. Nazungumza nanyi mimi mwenyewe, hasa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi.

Vijana wengi mmetuuliza jambo moja. Mnataka kuandaa mashindano ya kutengeneza kurasa za wavuti na kuandika programu, kati ya wanafunzi wa kambini na wenzao wa Minago. Lakini kompyuta ni chache, intaneti inakuja na kupotea, na kutoka kambini hadi ziwani ni safari. Mnauliza: tungoje mpaka vifaa vipatikane?

Jibu langu ni hapana, msingoje. Ila kanuni zenu zimfikirie kwanza yule asiye na kompyuta. Nitawaambia kwa nini nasema hivyo.

Mimi nilishuka Minago mwanzoni mwa 2018, nikiwa na miaka 14, wakati watu wengi wa Fizi walipovuka ziwa kwa mitumbwi. Mama mmoja muuza ndagala alitupokea kwake kabla hatujapelekwa kambini. Miaka iliyofuata, nikiwa sekondari, nilishiriki mashindano ya kompyuta. Sitataja walioyaandaa, maana nia yao ilikuwa njema. Tulikuwa timu nane, kompyuta sita. Wengine walikuwa na kompyuta nyumbani. Wengine, kama sisi, tulikuwa tumeigusa mara tatu au nne tu. Tulipewa saa mbili tutengeneze tovuti ya hoteli ya kitalii. Hakuna hata mmoja katika timu yetu aliyewahi kulala hotelini.

Dakika nyingi zilipita tukitafuta vitufe. Wakati huo, msichana mmoja wa timu yetu alikuwa anachora kwenye daftari. Alichora ukurasa wa akina mama wanaouza ndagala Minago: bei ya leo, namba ya kupiga, na siku ambazo wavuvi hawatoki. Mnajua ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haifai kitu. Mteja anayetoka mbali akijua siku hizo, hapotezi nauli yake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi bora ya siku ile.

Hakuna mwamuzi aliyeiona. Kanuni zilisema pointi ni za kilicho kwenye kioo tu, na kioo chetu kilikuwa na kichwa cha habari na picha isiyofunguka. Jioni nyumbani wakamuuliza, umeleta nini? Hakuwa na cha kuonyesha. Wiki iliyofuata hakurudi kwenye klabu ya kompyuta, wala baadaye. Ndugu zangu, yule msichana hakushindwa na programu, alishindwa na kanuni. Na kanuni zinaandikwa na watu, kwa hiyo zinaweza kuandikwa vizuri.

Jambo la kwanza: duru ya kwanza iwe ya kalamu na karatasi. Msidhani hiyo ni njia ya maskini. Huko Lithuania, mwaka 2004, yalianzishwa mashindano yanayoitwa Bebras, ambayo leo yanafanyika katika nchi nyingi. Maswali yake hayamtaki mwanafunzi ajue lugha yoyote ya programu. Yanapima jinsi anavyofikiri: kupanga, kufuata hatua, kuona kosa liko wapi. Kuandika programu ni hayo kwanza, vitufe vinafuata.

Nawapa mfano wa swali letu wenyewe. Una vikapu 8 vya ndagala, na mizani isiyo na mawe ya kupimia. Inalinganisha vikapu viwili tu kwa mara moja. Andika hatua za kupata kikapu kizito kuliko vyote, hatua ambazo mtoto wa shule ya msingi atazifuata bila kukuuliza chochote. Utalinganisha mara 7, maana kila mara kikapu kimoja kinatolewa mpaka kibaki kimoja. Mwenye kuandika hatua hizo vizuri ameshaanza kuandika programu, hata kama hajawahi kuona kompyuta.

Ukurasa wa wavuti nao unaweza kuanzia kwenye karatasi. HTML, lugha inayojenga kurasa hizo, ni maandishi ya kawaida yenye alama. Unafungua alama ya kichwa cha habari, unaandika kichwa, unafunga. Unafungua aya, unaandika, unafunga. Anayesahau kufunga anaweza kuharibu mpangilio wa yanayofuata. Mwanafunzi anaweza kuandika hayo yote daftarini, kisha msaidizi akayachapa kama yalivyo, na makosa yake ndani. Faili likihifadhiwa kwa jina linaloishia na nukta na herufi h, t, m, l, linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti, hata kwenye simu.

Tena karatasi inasafiri kuliko sisi. Kambi za Burundi ziko mbali na ziwa, na mkimbizi anahitaji ruhusa ili atoke. Bahasha ya maswali inaweza kufunguliwa kambini na Minago siku moja, saa moja, mbele ya walimu. Watakaofaulu ndio wachache wa kuombewa ruhusa na nauli kwa ajili ya duru ya pili.

Jambo la pili: kwenye mashine, gaweni dakika sawa. Pigeni kura nani aanze. Katika kila timu, anayechapa abadilishwe kila baada ya dakika 15, ili yule mjuzi asiishike kompyuta peke yake wakati wenzake wanatazama mgongo wake. Kazi ihifadhiwe kila mara kwenye flashi, maana betri haisemi kwaheri. Na umeme ukikatika, saa isimame kwa timu zote.

Jambo la tatu: chagueni siku kwa akili. Msiweke mashindano siku ya mgao wa chakula, wala saa ya kuchota maji. Mkifanya hivyo, wasichana watakosa, kisha mtasema wasichana hawapendi kompyuta. Malizeni mapema ili kila mtoto afike nyumbani kabla ya giza. Tangazeni kanisani na msikitini, na waambieni wazazi nani atakuwa na watoto siku hiyo.

Wazazi, nanyi nisikilizeni. Mwaka 2017, wasichana watano wa Kisumu Girls High School, Kenya, waliojiita Restorers, walifika fainali ya mashindano ya Technovation huko California, Marekani. Walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kuwasaidia wasichana waliokeketwa na walio hatarini kukeketwa kupata msaada. Hawakuiga tovuti ya hoteli. Walianza na taabu ya wasichana wenzao. Na tusidhani mambo haya hayafiki kambini. Katika kambi ya Dzaleka, Malawi, aliyeanza kuwafundisha wakimbizi wenzake kuandika programu ni Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi.

Jambo la nne: swali la mashindano litoke katika maisha yetu, lakini lisimweke mtu hatarini. Najua timu nyingi zitapenda kutengeneza orodha ya watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa kuvuka. Moyo huo ni mzuri. Hata mimi nimemtafuta mtu wangu. Lakini jina, picha na mahali alipo mkimbizi vikiwekwa wazi, atakayevisoma si mama yake tu, hata yule aliyemkimbia anaweza kuvisoma. Kazi ya kutafuta jamaa iacheni kwa Msalaba Mwekundu, wanaojua kulinda habari za watu. Kwenye mashindano tumieni majina ya kubuni. Ratiba ya zahanati, bei za sokoni, zamu za bomba la maji, masomo ya kurudia kabla ya mtihani: kazi hazikosekani.

Jambo la tano: waamuzi na zawadi. Karatasi ya pointi itolewe kabla ya siku, kila mtu aisome. Pointi nyingi ziende kwenye swali hili: je, mtu aliyekusudiwa anaweza kuitumia kazi hii? Kwa hiyo mmoja wa waamuzi awe mtu wa namna hiyo. Kama ukurasa ni wa ndagala, muuza ndagala wa Minago akae mezani na mwalimu wa kompyuta. Asipoelewa, msilaumu elimu yake, rekebisheni ukurasa. Na zawadi isiwe simu moja ya kugombaniwa na watu wanne. Zawadi nzuri ni saa za kompyuta kila wiki mpaka mwisho wa muhula. Hata timu ya mwisho ipewe karatasi yenye maneno mawili: hapa mmefanya vizuri, hapa mrekebishe. Mtoto asirudi nyumbani mikono mitupu kama alivyorudi yule mwenzetu.

Dada, kama unanisikia, na kama daftari lile bado unalo, usilitupe. Akina mama wa Minago bado wanauza ndagala, na wavuvi bado wanangoja mwezi upungue.

Ninyi wengine, anzeni wiki hii. Kaeni wanne wanne, karatasi moja na kalamu moja. Swali lenu ni hili: katika vile vikapu 8, sasa tunataka kujua kikapu kizito cha kwanza na kizito cha pili, bila kubahatisha. Tulinganishe mara ngapi, kwa uchache? Wengi mtasema mara 13, yaani 7 kisha 6. Inawezekana kwa mara chache zaidi. Fikirini: kikapu cha pili kwa uzito kiliondolewa na nani?

Andikeni hatua zenu, si jibu tu, mzipeleke kwa mwalimu au mzitumbukize kwenye sanduku la redio. Kipindi kijacho nitasoma hatua zilizoandikwa vizuri kuliko zote, na kabla ya kuzisoma hewani nitampa mtoto wa darasa la tano azifuate hapa studioni. Akikwama, zimekosea.



(Muziki wa kufungia.)