Zakayo Alimlipa Nani?

Hotuba kwa wawakilishi wa makanisa na kamati za mageuzi



Nimeombwa nizungumze juu ya neema na uaminifu. Yawezekana baadhi yenu mmejiuliza kwa nini somo kama hili amepewa wakili, wala siwalaumu, maana katika masimulizi ya watu wetu wakili na ukweli hawalali nyumba moja. Hata hivyo kazi yangu, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya viapo. Kila wiki hupita mezani pangu hati za kiapo ambazo mwapaji hutia sahihi kwamba yaliyoandikwa humo ni kweli kadiri ajuavyo na aaminivyo. Kanuni yetu ya Adhabu humwahidi mwenye kuapa uongo kifungo cha hadi miaka saba. Pamoja na tishio hilo, nimewaona watu waliobatizwa, wenye Biblia mkobani, wakitia sahihi uongo bila mkono kutetemeka. Ukiwauliza kwa upole watafanyaje mbele za Mungu, jibu huwa moja: Mungu ni mwingi wa rehema.

Jibu hilo ni kweli tupu, na hapo ndipo penye hatari yake. Fundisho lililo tamu kuliko yote katika imani yetu, kwamba Mungu humpokea mwenye dhambi bure, limegeuzwa kuwa leseni inayochukuliwa kabla ya kosa. Mtume Paulo alikwisha kukutana na hoja hii. Katika Warumi, mlango wa sita, anauliza kama tuendelee kutenda dhambi ili neema ipate kuongezeka, naye anaikataa hoja hiyo papo hapo. Kwa hiyo tusidhani ni uvumbuzi wa Nairobi.

Wazee mliopo mnaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988. Katika mchujo wa chama tawala wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea wao mchana kweupe, na katika sehemu nyingi mlolongo mfupi ndio uliotangazwa kuwa umeshinda. Mimi huutazama uovu ule kama mwanasheria. Mlolongo ukishatawanyika hauachi karatasi. Hakuna kura ya kuhesabiwa upya, wala sanduku la kuletwa mbele ya jaji. Ushahidi wote ulibaki machoni mwa wananchi, na wananchi wakaamriwa wasiyaamini macho yao. Wachungaji waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta mwezi Agosti 1986, chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, walikuwa wameupinga utaratibu huo mapema, na historia inawapa heshima yao. Lakini aliyetangaza uongo kituoni hakuwa na mapembe. Alikuwa ofisa au karani, mtu mwenye jina la ubatizo na kiti chake kanisani. Sijapata kusikia hata mmoja wao aliyeambiwa na mchungaji wake kwamba kabla ya kuijia meza ya Bwana awaendee kwanza wale waliosimama juani katika mlolongo mrefu.

Sasa twende Yeriko, katika Injili ya Luka, mlango wa kumi na tisa. Najua jina la Zakayo lina moto wake katika nchi hii. Tangu mwaka 2023 Wakenya wamemtania Rais William Ruto kwa jina hilo kwa sababu ya kodi, na Juni 2024 vijana walijaa barabarani wakimtaka ashuke kama yule mtu wa mkuyuni. Sikuja kumwongezea mtu lakabu. Nasema tu kwamba vijana wetu, ambao wengine tuliwadhania hawasomi Maandiko, walishika nusu ya kwanza ya habari hiyo kwa usahihi kabisa. Tuisome nusu ya pili.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru. Katika utawala wa Kirumi haki ya kutoza ushuru wa bidhaa iliuzwa kama zabuni. Mshindi alilipa kiasi kilichotakiwa, kisha akajitafutia faida yake kwa wasafiri na wachuuzi. Mwanya wa wizi ulikuwa umejengwa ndani ya mkataba wenyewe. Yeriko ulikuwa mji wa njia kuu, wenye biashara nyingi, kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mtu huyu alikuwa tajiri, hatuna haja ya kuuliza utajiri ulitoka wapi.

Angalieni sana mpango wa mambo. Yesu anamwita kwa jina na kutangaza kwamba atashinda nyumbani mwake kabla Zakayo hajafungua kinywa kukiri neno lolote. Umati unanung'unika, na kwa haki ya kibinadamu una sababu ya kunung'unika, kwa kuwa ulikuwa ndio ulioibiwa. Hiyo ndiyo neema. Inatangulia, haisubiri malipo, na huwaudhi waliodhulumiwa. Tusiipunguze ukali wake ili ipendeze mikutano yetu ya hadhara.

Kisha Zakayo anasimama na kusema atafanya nini. Nusu ya mali yake itakwenda kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne. Kama angekuja ofisini kwangu kuomba ushauri, ningemzuia. Torati, katika Walawi mlango wa sita na Hesabu mlango wa tano, ilimtaka mtu anayekiri mwenyewe arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Aliyenyang'anya shilingi 1,000 angelipa 1,200 na faili ikafungwa. Malipo ya mara nne yamo katika Kutoka mlango wa ishirini na mbili, nayo yalikuwa ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Zakayo anajihukumu kwa kifungu kizito ambacho hakuna aliyemshtaki nacho, na badala ya 1,200 analipa 4,000. Mtu anayetafuta kununua msamaha hulipa kiasi kidogo kinachokubalika. Huyu alikuwa amekwisha kusamehewa, ndiyo maana hakuhitaji kupatana bei.

Naomba mnisikilize hapa, maana ndipo nilipokusudia kufika tangu mwanzo. Zakayo alimlipa nani? Aliwalipa maskini na wale aliowadhulumu. Luka hatuambii kwamba hata senti moja iliingia katika mfuko wa mitume. Hakuezeka sinagogi, wala hakuwanunulia wanakwaya sare, na hakupewa dakika kumi za kuwasalimu waumini. Mgeni wake wa heshima aliondoka mikono mitupu, na watu wa Yeriko ndio waliopata chao. (Mfuko wenyewe, kwa habari ya Yohana, ulitunzwa na Yuda, ambaye alikuwa akiiba yaliyotiwa humo. Basi suala la uaminifu wa waweka hazina wa kanisa ni la zamani kama kanisa.)

Ukiweka habari hiyo kando ya harambee zetu, utaona tumepindua kila kitu. Pesa iliyotoka katika dawa za hospitali ya wilaya hurudi kijijini ikiwa imefungwa katika bahasha ya jengo la kanisa. Aliyeibiwa ni mama mjamzito aliyeambiwa anunue glavu zake mwenyewe, na anayerudishiwa ni kamati ya ujenzi. Kisha tunamwombea mtoaji, tunampa kipaza sauti, naye huondoka akiwa mwepesi wa dhamiri. Tumemuuzia neema kwa bei ya mabati.

Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alitangaza kwamba shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto zirudishwe. Kwa kuwa mimi ni mwanasheria lazima niseme kwamba kurudisha fedha si hukumu ya wizi, na hakuna mahakama iliyosema fedha zile zilikuwa haramu. Hata hivyo kitendo kile kilionyesha kwamba altare inaweza kubaki bila fedha ya mwanasiasa na misa ikaendelea. Kuna waliokasirika, wakiwamo washirika wa kawaida waliouliza ni nani sasa atakayejenga. Ni swali la haki, na jibu lake ni ghali: ni sisi.

Wala mafundisho ya kurudisha si mageni katika nchi yetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Kenya kabla muongo huo haujaisha, uliwajulisha wazee wetu jambo hilohilo. Ndugu wa Uamsho walipookoka walikiri hadharani, wakawarudishia waajiri na majirani vitu walivyoiba, wengine wakihatarisha kazi zao na hata kufungwa. Waliita hali hiyo kutembea nuruni. Najua baadhi ya wanaharakati huwacheka kwa kukaa mbali na siasa, na lawama hiyo ina kiini cha kweli, kwa sababu mtu aliungama kibaba cha sukari huku mashamba yakinyakuliwa kimya. Hata hivyo walielewa jambo ambalo sisi tunalikosa. Mtu asiyejua kuungama kibaba cha sukari hatajua kamwe kuungama shamba.

Kwa nini neema izae uaminifu badala ya uzembe? Nitawajibu kwa yale ninayoyaona mahakamani. Watu wengi hawasemi uongo kwa kuupenda. Husema uongo kwa sababu wanajitetea. Mshtakiwa anayeamini kwamba akisema kweli amekwisha, hujenga uongo mmoja, kisha wa pili wa kuulinda wa kwanza, hata mawakili wake wakashindwa kuufuata. Mtu aliyekwisha kupokelewa na Mungu, makosa yake yote yakijulikana, hana tena heshima ya bandia ya kulinda. Sheria yenyewe imenusa ukweli huu kwa mbali. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003, pamoja na marekebisho yake, inairuhusu Tume kuahidi kutomfungulia mtu kesi ya madai ikiwa atafichua mambo yote kwa ukamilifu na kurudisha kwa hiari alichochuma kwa ufisadi. Ukweli wote na mali yote. Wabunge wakatoa masharti ambayo mapadre wengi wangeona haya kuyataja kitubioni.

Nageukia nyumba yetu wenyewe, sisi tunaojiita wanamageuzi. Fomu za mahudhurio za semina zetu zina sahihi za watu ambao siku hiyo walikuwa shambani. Mjumbe hupanda matatu kwa shilingi 600 na kuleta risiti ya 1,500, na mweka hazina, ambaye asubuhi ametuongoza kwa sala, huiweka katika faili. Tukiulizwa tunasema ni fedha ya wafadhili, nao wanazo. Katika sheria hiyo ni hati ya uongo, sawasawa na ya waziri, tofauti ni sifuri chache. Paulo alipochanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliuita mchango wenyewe neema, nanyi mtaona neno hilo katika Wakorintho wa Pili, mlango wa nane. Katika mlango huohuo anaeleza kwamba ametuma pamoja na mchango huo ndugu wengine wanaoaminiwa na makanisa, asije mtu akamlaumu, akitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mhubiri mkuu wa neema alitaka wakaguzi wa hesabu.

Nimalizie na jambo linalonisumbua zaidi ya yote. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona malipo makubwa yakipelekwa kwa kampuni ya Goldenberg kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, akatambua kwamba si ya kawaida, na nyaraka alizozitoa zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa kuvunja Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yalifutwa, lakini kazi ilikwenda, wala hakurudishwa, hata baada ya kutoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Bosire. Alifariki mwaka 2006, mwaka uleule tume ilipowasilisha ripoti yake.

Sisi tunahubiri kwamba watu waseme kweli. Karani akisema kweli Ijumaa na kufutwa kazi Jumatatu, kanisa lake linampa nini zaidi ya maombi? Tunayo mifuko ya mazishi, ya harusi, ya mabati na ya vyombo vya muziki. Sijaona parokia yenye mfuko wa mwalimu aliyekataa kubadilisha tarakimu katika fomu ya matokeo, au wa mhasibu wa kaunti aliyekataa kuidhinisha barabara isiyojengwa. Tunamwachia mtu mmoja alipe gharama ya uaminifu wa sote, kisha tunashangaa kwamba waaminifu ni wachache.

Mawakili wachache tumekubaliana kuwatetea watu kama hao bila malipo. Karo ya watoto wao na kodi ya nyumba yao hatuziwezi peke yetu. Katibu wa kamati anayo rasimu ya kanuni za mfuko huo, kurasa nne. Naomba parokia na vikundi viisome kabla ya mkutano wa mwezi ujao, hasa kifungu cha sita, kinachosema ni nani atakayekagua hesabu.